Nyumba Nilizozipanga Njiani

Tumaini na Rehema, siku ile mliponikuta nikianika nguo mliniuliza mbona nimerudi kutoka ziwani mikono mitupu, hata kome moja la kuweka dirishani sikuwaletea. Nilicheka, nikawauliza habari za matokeo. Mnanijua. Mbele ya watu wawili maneno yangu hujificha, mbele ya watatu hukimbia kabisa. Kwa hiyo nawaandikia. Mengi nimeyatoa kwenye daftari langu la kila siku, na nimeongeza yale ambayo wakati ule niliona aibu kuyaandika hata peke yangu.

Vwawa, asubuhi ya ukungu

Tulikuwa tumemaliza mtihani wa kidato cha nne, mnakumbuka, zile wiki ambazo mtu si mwanafunzi tena na bado hajawa kitu kingine. Mjomba Siwale, kaka yake mama, akapiga simu. Huyu ndiye yule aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu, akanunua kipande cha ardhi kando ya Ziwa Tanganyika, watu wote wa ukoo wakasema amechanganyikiwa. Alikuwa amejenga vibanda vinne vya wageni. Wageni wenyewe si wa kawaida, ni wapiga mbizi, watu wanaobeba mitungi ya hewa mgongoni na kushuka chini ya maji kuangalia samaki, halafu wanapanda bila kuwavua. Mama alipoeleza hilo jikoni, bibi aliuliza mara mbili kama kweli hawavui hata mmoja.

Kulikuwa na mwanamke mmoja anayeongoza watu wa namna hiyo. Angekuja kuikagua kambi. Akiipenda, angeleta kikundi kila mwaka. Simu ya mjomba ilikuwa na sauti kubwa, sote tulimsikia: "Akikubali, tunaishi. Akikataa, nang'oa mabati, narudi Mbozi kulima."

Alimtaka Shangazi Nambeye, dada yake baba, akampikie huyo mgeni. Shangazi ndiye anayepikia harusi kuanzia Vwawa mpaka Mlowo. Mimi nilipelekwa kama mkono wake. Mama alisema nitafaa kwa sababu nafanya kazi na sina maneno.

Tuliondoka kwenye kenta ya Masanja. Masanja ni kijana wa Kamsamba, kwao wafugaji, ana meno meupe na hawezi kunyamaza. Nyuma kulikuwa na magodoro, jenereta, spika kubwa mbili na gunia dogo la kahawa ya kwetu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba kama mtu asiyetaka kuamka. Masanja alituambia sisi watu wa milimani maji tunayajua kwenye ndoo tu, tukifika ziwani tusije tukamkumbatia shingoni. Shangazi akamjibu kwamba shingo yake ina harufu ya ndama, hakuna wa kuikumbatia.

Tunduma, siku mbili za foleni

Tulipaswa kukaa Tunduma saa moja tu. Mashine ya kujazia hewa ile mitungi ilikuwa inatoka Lusaka kwenye lori, na lori lilikuwa kwenye foleni upande wa pili. Basi tukangoja. Foleni ya malori Tunduma mnaijua, lakini hamjawahi kuishi ndani yake. Ukikaa kando yake kutwa nzima unaanza kuona kama si malori yaliyosimama, ni mji wenyewe ndio unaopita polepole, na ninyi ndio mliosimama.

Siku ya kwanza nilikula chipsi mayai, siku ya pili nikala vitumbua vya mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, aliyekuwa akivuka asubuhi na beseni kichwani. Aliniita "mayo", yaani mama, mimi wa miaka kumi na saba. Nikainamisha uso. Aliponiona sijibu akadhani nina njaa sana, akaniongeza kitumbua kimoja cha bure. Kila nilipozidi kuona aibu aliongeza. Nilikula vitano.

Jioni ya siku ya pili Shangazi akaamua kufanya mazoezi ya kahawa. Hapa niwe mkweli. Sisi tunalima kahawa, tunaikoboa, tunaianika, tunaipeleka, na nyumbani tunakunywa chai. Shangazi alikuwa hajawahi kuipika. Aliikaanga kwenye sufuria kando ya kenta, akaitwanga, akaichemsha kama chai, na tangawizi na sukari nyingi. Harufu ikatembea kwenye foleni. Madereva wakaja mmoja mmoja na vikombe vyao vya bati, wengine walikuwa hawajashuka kwenye malori yao tangu asubuhi. Mmoja alionja, akafumba macho, akasema hajui hiki ni nini lakini aongezewe. Shangazi alisimama pale kama yuko kwenye harusi. Alinong'ona kwangu kwamba huyo mgeni wa majini ajaribu kuikataa.

Mashine ilivuka asubuhi iliyofuata, imefungwa turubai kama maiti.

Ndalambo kwenda Sumbawanga

Barabara ilikuwa bado inajengwa. Mara tuko juu ya tuta zuri jeusi, mara kibao kinatutupa kwenye mchepuko wa vumbi jekundu. Vumbi lilikuwa laini mpaka likawa kama maji. Magari mbele yetu yalizama na kuibuka, yakazama tena, na mimi nikiwa katikati ya Shangazi na dirisha nikasinzia, nikaota tayari tuko chini ya ziwa, na kila mtu anapumua.

Baada ya Ndalambo tairi lilipasuka. Tulikaa chini ya kivuli cha kenta yenyewe, hakukuwa na kivuli kingine. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alituuliza tunakwenda wapi. Shangazi akaeleza habari ya wapiga mbizi. Yule mama alifikiri sana. Akauliza, sasa wakifika huko chini wanataka nini. Shangazi akamwambia kwamba hilo ndilo tunalokwenda kulijua.

Mimi nilidhani tunajua. Mjomba alikuwa ameuliza watu, na kila mtu alimwambia jambo lake: mgeni wa nje anataka taa mpaka asubuhi, muziki, soda baridi, kitanda kipana na mazingira safi. Ndiyo maana tulibeba jenereta na spika. Masanja akifunga tairi alisema yeye angekuwa mgeni angetaka nyama.

Kushuka

Tulilala Sumbawanga, tukapita Matai, halafu nchi ikaisha. Sijui nisemeje vinginevyo. Unatembea juu ya uwanda wa juu, baridi, nyasi, kisha barabara inainama, na chini kule kuna kitu cha bluu ambacho mara ya kwanza nilidhani ni mbingu imeteleza. Masikio yakaziba. Joto likapanda kutuelekea kama mtu aliyetuona kwa mbali. Masanja aliacha kuongea kwa mara ya kwanza tangu Vwawa. Alisema anasikiliza breki.

Kambi ya mjomba ilikuwa kwenye ghuba ndogo, mbele kidogo ya Kasanga. Vibanda vinne vya mawe, jiko, na mtumbwi mmoja. Mjomba alitupokea na kofia yake ya reli kichwani, amekonda, amefurahi. Alitutembeza haraka haraka akimwuliza Shangazi, "Shemeji, unapaonaje? Patapendeza?" Aliuliza hivyo kila mahali, hata chooni.

Niliangalia maji. Yalikuwa yanaonekana mpaka chini, kila jiwe na kivuli chake. Daftari langu la siku hiyo lina mstari mmoja tu: *Maji haya hayana siri.* Nilikosea.

Njia yenye kingo

Zilibaki siku tatu mgeni afike. Mnajua kwetu mgeni akitarajiwa tunafanya nini. Uwanja unafagiwa mpaka unaonyesha mistari ya ufagio, na njia inayoingia nyumbani inapangiwa mawe pande zote mbili, yanapakwa chokaa. Njia isiyo na kingo ni njia ya mbuzi. Bibi husema hivyo, na mimi ndiye mpanga mawe wa nyumbani tangu nina miaka sita. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza bila kusema neno.

Pale kambini chokaa haikuwepo. Lakini kwenye maji ya kiunoni, upande wa jiwe kubwa linalofanana na ng'ombe aliyelala, chini kulikuwa na makome. Ni yale magamba ya konokono wa ziwani waliokwisha kufa, matupu, ya mviringo, meupe yenye rangi ya maziwa. Yalikuwa mengi kama mahindi yaliyomwagika. Nilifunga kanga, nikaingia na ndoo.

Mimi siwezi kuogelea. Niliogopa sana ile mara ya kwanza, kisha maji yakanizoea. Nilikuwa naokota nikiwa nimezama mpaka kidevuni, macho yakiangalia ziwa lililolala sawa na uso wangu, mkono chini ukipapasa peke yake. Mara nyingine nilipoinua kome kitu kidogo kilinitekenya kiganjani, kikateleza, kikaondoka. Nilidhani ni dagaa wanaozurura. Nilikuwa natikisa kome kwanza ili watoke, nikaendelea. Siku mbili nzima. Jioni nilichora kwenye daftari mahali nilipookotea: jiwe la ng'ombe, mtumbwi, na alama kila nilipojazia ndoo, kwa sababu nilikuwa na furaha na nilitaka kuikumbuka.

Kwenye makome yaliyokauka juani nilikuta kijisamaki kimoja kimeshikamana na ukingo, kimekuwa kama ganda la kitunguu. Nilikitupa. Hilo sikuliandika.

Njia ilipokamilika, kutoka ufukweni mpaka jikoni, ilikuwa nzuri kuliko njia yoyote niliyowahi kupanga. Ilikuwa inang'aa. Mjomba aliitembea mara tatu, akavua kofia.

Bi Hanne na maswali yake

Aliwasili jua likiwa bado juu, na vijana wawili wapiga mbizi wasiojua Kiswahili. Mwenyewe alikuwa mama wa nywele nyeupe, mikono ya mtu wa kazi, aliyewahi kukaa Kigoma miaka mingi, akaongea Kiswahili cha taratibu kinachopinda kidogo mwishoni. Jina lake Hanne. Sote tulimwita Bi Hanne. Nilimwamkia na kupiga goti kama inavyotakiwa, nikakimbilia jikoni.

Mjomba alimwonyesha kitanda. Bi Hanne alikiangalia, akauliza choo kinamwaga wapi. Mjomba akamwonyesha chandarua kipya. Akauliza tena, choo kinamwaga wapi. Ikabidi waende nyuma ya vibanda, wakainama kwenye shimo, na mjomba, mtu mzima, alirudi anatokwa jasho kama mwanafunzi aliyeulizwa hesabu ambayo hakuisoma.

Akaja jikoni. Alimkuta Shangazi anasuuza sufuria ziwani, kwenye mawe. Alimwomba maji ya sabuni ayapeleke juu, akayamwage mbali na maji. Shangazi alisimama, mkono kiunoni. "Kwa hiyo ziwa lote hili linaogopa sufuria yangu?"

"Ziwa haliogopi, mama," Bi Hanne alisema. "Ghuba ndiyo inaogopa. Ghuba ni ndogo."

Aliuliza samaki wa chakula wametoka wapi. Waliokuwa jikoni ni migebuka, wa maji ya mbali, akaridhika; akaomba tu wale wa kwenye mawe wasipikwe kamwe. Aliuliza nanga ya mtumbwi inaangukia wapi, akataka iachwe, pawe na boya la kufungia. Jioni mjomba alipowasha jenereta na spika, alinyanyuka polepole akaomba vizimwe.

Mjomba alishindwa kuelewa. Aliuliza kama wageni wake watakuja mwendo wote huo kukaa gizani.

"Wageni wangu hawaji kulala," alisema. "Vitanda wanavyo kwao, na muziki wanao. Wanakuja kuona kilichokuwepo kabla hawajafika. Na wakiondoka, kiwepo."

Mjomba akatikisa kichwa. Kisha, ili kuokoa siku, akamwonyesha ile njia nyeupe. Akasema ameipanga mwenyewe. Bi Hanne alikuwa ameshachoka, mwanga ulikuwa umefifia, akaitikia tu. Mimi nilisikia nikiwa jikoni, na wala sikuumia. Nilifurahi kwamba sikutajwa. Alikunywa vikombe viwili vya kahawa ya tangawizi, na Shangazi alinifinya ubavu.

Mchanga mtupu

Asubuhi walishuka majini. Tuliwaona wakipotea, na povu likawafuata juu kama ushanga. Walikaa muda mrefu. Bi Hanne alipopanda aliketi kwenye jiwe la ng'ombe, nywele zikidondosha maji. Kisha akatuita wote.

Alieleza kwamba miaka michache nyuma alipita ghuba hii na mtumbwi, akachungulia, akaona chini kumejaa makome matupu. Ndiyo sababu alikubali kuja. Kuna samaki wadogo wa ziwa hili, urefu wa kidole cha mwisho, ambao nyumba yao ni kome tupu. Wanalizika mchangani, mdomo ukibaki wazi juu. Humo wanalala, humo wanakimbilia adui, humo wanataga na kulea. Watu huvuka bahari kuja kuangalia samaki mdogo anavyofagia mlango wake. Sasa amekuta mchanga mtupu na samaki wachache wanaozunguka kama watu waliounguliwa nyumba.

"Makome yako wapi?" aliuliza.

Hakuwa ameigeukia njia bado. Sisi ndio tulioigeukia, wote kwa pamoja, halafu yeye akafuata macho yetu.

Mjomba akasema wavuvi wa kijiji cha jirani huyaokota na kuyauza, na yeye aliyanunua kwao ili yasipotelee mbali. Aliongea haraka sana. Najua kwa nini alisema hivyo. Alishasema kwamba njia ni kazi yake mwenyewe, na sasa kazi hiyo ilikuwa imegeuka.

Bi Hanne alifunga kitabu chake cha maandishi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Basi, Mzee Siwale. Kama yanauzwa, leo wameuza haya, kesho watauza ya ghuba nyingine. Siwezi kuwaleta watu mahali panapouzwa. Tutaondoka kesho."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Shangazi. Kiganja changu kilikuwa kinatekenywa, naapa, kana kwamba wote walikuwa wamerudi mkononi. Nilimkumbuka yule aliyekauka kama ganda la kitunguu. Shangazi aligeuza shingo akaniangalia. Alijua. Alijua pia, kama ninavyojua mimi na mnavyojua ninyi, kwamba kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa mbele ya mgeni. Hata akikosea jina lako mwenyewe, unaitika. Lakini akasogea hatua moja pembeni, nami nikabaki wazi.

Sikujua nianze vipi. Miguu ikafanya kitu inachokijua, ikapiga goti, na mdomo nao ukatoa unachokijua.

"Shikamoo," nikasema. Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. "Hayakuuzwa. Ni mimi niliyeyatoa. Nilitaka pawe pazuri."

Nikasikia maji yakigonga jiwe. Nikaongeza kwamba najua kila mahali nilipoyatoa, nimechora. Nikakimbia kulichukua daftari, hili hili, nikamfungulia ukurasa wenye ng'ombe na mtumbwi na zile alama, na sikukumbuka kabisa kwamba ukurasa wa pili wake nilikuwa nimeandika habari za Masanja na meno yake.

Bi Hanne aliangalia mchoro muda mrefu. Alipita kidole kwenye alama moja moja. "Siku ngapi?" aliuliza. Nikamwambia mbili. Akamgeukia mmoja wa wale vijana, akasema maneno ya kwao, yule kijana akaenda kutafuta ndoo.

Mjomba alikuwa amevua kofia yake, anaizungusha mikononi. Nilipopita karibu yake nilitaka kupiga goti tena, akanizuia. "Umenivua nguo, mwanangu," alisema taratibu. Kisha akaangalia ziwa. "Ila nguo yenyewe nilikuwa nimeiazima."

Kuyarudisha

Kuyarudisha kulichukua muda zaidi ya kuyatoa. Ukitoa, unaokota tu. Ukirudisha, lazima ujue mlango uangalie wapi. Sisi tuliyabomoa kutoka njiani, tukayasuuza, tukayabeba mpaka majini. Wale vijana wawili wakashuka nayo na kuyalaza mchangani, moja moja, mdomo juu, wakifuata daftari langu ambalo Bi Hanne alilishika ufukweni kama mwimbishaji wa kwaya. Shangazi aliingia mpaka kifuani na kanga zake mbili. Mjomba alibeba ndoo mbili mbili. Masanja tu ndiye hakuingia. Alisema gari haliwezi kukaa bila mlinzi, na gari lilikuwa hatua kumi kutoka kwetu. Shangazi akamwambia kwa sauti ya wote kusikia kwamba sasa tumejua nani anayajua maji ya kwenye ndoo tu. Akacheka, ila hakusogea. Baadaye alinieleza kwamba kwao mto huvukwa kwa kushika mkia wa ng'ombe, na hapa ng'ombe ni wa jiwe.

Siku ya tatu yake, asubuhi, bila kuitaja tena safari, Bi Hanne alinivalisha miwani ya majini. Alinishika tumbo kwa kiganja kimoja, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea, akaniambia nilaze uso tu.

Hapa ndipo daftari langu linaposhindwa, na mimi nalo.

Kulikuwa na kimya chenye sauti ndani yake, kama sauti ya kokoto zinazoambiana kitu. Mwanga ulikuwa unatembea juu ya mchanga kwa mistari, ile ile mistari ya ufagio kwenye uwanja wa bibi, ila huyu aliyefagia hakuacha kufagia. Na makome yalikuwa pale, mengi, kila moja na mdomo wake mweusi. Hakuna aliyekuwemo. Niliangalia mpaka macho yakauma. Halafu kando ya jiwe kikatokea kijisamaki cha rangi ya mchanga chenye jicho la bluu. Kikazunguka kome moja. Kikaondoka. Kikarudi. Kikaingiza kichwa, kikatoka, kikageuza mkia na kuanza kurusha mchanga pembeni, kidogo kidogo, kwa bidii, kama mtu anayefagia mlango akitarajia mgeni.

Nililia ndani ya miwani. Si vizuri, huoni tena.

Bi Hanne hakuahidi makubwa. Alimwambia mjomba kwamba mwaka kesho ataleta watu wanne, si kumi na wawili. Choo kihamishwe juu, boya liwepo, jenereta isisikike. Wakikuta makome yana wenyewe, wataendelea kuja. Na ile njia, alisema, iachwe kama ya mbuzi. Mjomba aliniangalia mimi kabla ya kumjibu, ndipo akasema sawa. Mabati hayakung'olewa. Spika alimpa Masanja azipeleke Kamsamba.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Tulipanda mpaka baridi ikatupokea, vumbi jekundu likatumeza na kututema. Tunduma foleni ilikuwa imesimama palepale, na yule mama wa Nakonde alinitambua. Safari hii nilimsalimia kwanza, "Mulishani, mayo," na bei ikawa ya kawaida.

Nyumbani mama aliposhika sweta langu kulifua alitoa kitu mfukoni, akaniuliza hili nini. Lilikuwa kome. Sikumbuki kabisa kuliweka. Nadhani ni siku ile ya kwanza kabisa, kabla ya ndoo, lile lililonivutia. Mama akasema zuri, liweke dirishani.

Niliishi nalo siku nne. Kila nikiliangalia naona mdomo ule mweusi. Masanja alipopita Vwawa akipeleka mabomba ya choo cha mjomba, nilimfuata barabarani na kumpa, limefungwa kwenye karatasi ya daftari, nikamwambia maneno mengi kwa mpigo kuliko yote niliyowahi kumwambia: jiwe la ng'ombe, upande wa mtumbwi, mchangani, mdomo juu. Aliniuliza kama namtuma mzigo wa jiwe. Nikamwambia ni nyumba.

Jana alipiga simu kwa mama, akaomba aongee na mimi. Nilisikia maji nyuma yake. Alisema ameingia, sasa yuko magotini, viatu ameviacha juu, kome ameliweka kama nilivyoagiza na hajaona ng'ombe wa kushika mkia. Kisha akanyamaza kidogo, Masanja huyo huyo.

"Sasa nipige hodi," akauliza, "au niondoke tu?"